Sedani Mbili, Mlima Mmoja

6 Oktoba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitampigia Steinar simu tena, na nikimpigia nitasema maneno ambayo Eira atayasikia kutoka chumbani kwake. Nyumba za mbao hazifichi kitu.

Amenipigia mchana nikiwa kazini, jikoni kwenye nyumba ya wazee, mikono yote miwili imejaa unga. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto wa pili. Mkataba wa gari lake la kukodi unaisha, na ameshaona jipya: sedani ya kasi, ya umeme, milango minne, na nguvu ambazo hakuna mtu wa Nesfjord anayezihitaji. Inauzwa kwa namna mbili. Moja inasukumwa na magurudumu yote manne. Nyingine inasukumwa na ya nyuma tu. Ukizitazama kwa nje ni gari lile lile.

"Unachukua ipi?" nikamuuliza.

"Bado nafikiria."

"Unafikiria nini? Unavuka Kvitskard kila wikiendi ya pili na mtoto wangu ndani."

"Mtoto wetu."

"Chukua la manne, Steinar."

"Sawa, Gunnhild. La manne. Nimekuelewa."

Tangu tuachane yeye anaishi Nesfjord, upande wa magharibi, na mimi na Eira tuko hapa Liadal, mashariki. Katikati ni Kvitskard, na leo nimeuona mlima ukiwa tayari na mvi kileleni. Amesema sawa. Basi na iwe sawa.

9 Oktoba

Mvua. Kondoo na kabichi kazini. Wazee walikula, wakaomba tena.

21 Oktoba

Mvua bado. Eira ana miaka kumi na ameanza kunirekebisha ninavyotamka majina ya waimbaji wake. Steinar amemchukua kwa gari la kuazima. La kwake linafika mwezi ujao, anasema. Nilimwuliza tena ni la manne? Akasema, "Si nilikuambia?" Nimejibiwa kwa swali, na nikaridhika. Mjinga mimi.

4 Novemba

Theluji ya kwanza, na Steinar amenifanya fala mbele ya jirani.

Njia ya kuja kwangu ni mteremko mkali. Kila mwaka kuna mgeni anayekwama pale chini, nasi tunatazama dirishani tukinywa kahawa, ndiyo burudani yetu. Leo nilitazama nikaona sedani mpya ya kijivu inapanda, inafika katikati, halafu nyuma inaanza kucheza kulia na kushoto, matairi yanazunguka bure, gari linarudi taratibu mpaka mtaroni kando ya njia. Nilijua pale pale, hata kabla sijavaa viatu. Gari la manne halichezi mkia namna ile.

Nilishuka. Torleiv, jirani yangu, alikuwa ameshawasha trekta.

"La manne, eh?" nikasema.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," Steinar akajibu.

"Ungeniambia kabla ya trekta au baada yake?"

"Nisikilize. La nyuma linakwenda mbali zaidi kwa chaji moja. Mlima ukifungwa tukakaa kwenye kizuizi cha barabara saa na saa, hita inakula betri. Sitaki Eira apate baridi. Nilipiga hesabu."

"Na kunipigia simu je, hiyo haikuwa kwenye hesabu?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo jibu langu ulilijua, ukaamua kulizunguka."

Torleiv alifunga mnyororo, akavuta, akafuta pua kwa glavu. "Gari zuri," akasema. "Ila kwa kupanda hapa, mimi ningekuja na mbuzi."

Eira alishuka na begi lake akaingia garini. Nilimwacha aende kwa sababu mlimani kulikuwa shwari na barabara imeshasafishwa theluji, na kwa sababu sikutaka kugombana mbele yake. Lakini damu inanichemka hadi sasa. Hesabu ya betri naielewa. Mimi si mpumbavu. Angeniambia vile vile kwenye simu ningebishana, labda ningeshindwa. Yeye alinidanganya kwa sauti ya upole, na hiyo sauti ndiyo niliyoachana nayo.

5 Novemba

Wamefika salama. Sina furaha nayo.

18 Novemba

Eira amerudi macho yanang'aa. "Mama, tulizungusha gari kwenye barafu! Uwanja wa bandari wote umeganda. Baba anageuza usukani, mkia unakwenda kule, halafu anaurudisha!"

Nikampigia, nikiwa nimejifungia bafuni.

"Umemweka mtoto kwenye gari linaloteleza kwa makusudi?"

"Uwanja ni mtupu, Gunnhild. Hakuna nguzo, hakuna kitu. Najifunza gari. Afadhali liniteleze pale kuliko kule juu."

"Kajifunze peke yako."

"Alitaka kuja."

"Angetaka kula sabuni ungempa?"

Nimemwambia hatamvusha tena Eira mlimani mpaka arudishe lile gari achukue la manne. Akasema mkataba haurudishwi namna hiyo. Nikasema basi na wikiendi hazirudi. Akaniuliza kama nasema kweli. Nikasema jaribu uone.

Nilipotoka bafuni Eira alikuwa amekaa kwenye ngazi. Sijui amesikia kiasi gani.

24 Novemba

Tumeitwa ofisi ya usuluhishi wa familia, mimi nikaenda ana kwa ana, Steinar kwenye skrini. Mama mmoja mwenye skafu ya sufu alitusikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Mgogoro wenyewe ni magurudumu?" Nilitamani kumrushia kalamu. Mgogoro ni mtoto wangu kwenye mlima uliofunikwa na theluji, mikononi mwa mtu anayeahidi kitu na kununua kingine. Tukakubaliana tu kwamba Pasaka lazima Eira awe kwa baba yake, kama kawaida. Hayo mengine tuyamalize wenyewe. Asante kwa msaada.

2 Desemba

Steinar hakuja. Eira hakuuliza. Alikula mkate na jibini ya kahawia akiwa amesimama, akaenda kulala mapema.

13 Desemba

Siku ya Mtakatifu Lucia, sherehe ya mwanga shuleni kwa Eira. Watoto waliingia ukumbini wakiwa na mavazi meupe na taa mikononi, Eira wa tatu kwenye mstari, wakiimba. Nilioka mikate ya zafarani kwa shule nzima.

Nilipogeuka nilimwona Steinar nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuja kwa basi. Basi lile linatoka Nesfjord alfajiri na kurudi mchana ule ule, kwa hiyo alisafiri siku nzima kwa ajili ya nyimbo tatu. Buti zake zilikuwa zimelowa hadi juu. Alimkumbatia Eira, akala mkate mmoja, akaniambia, "Umeoka vizuri," akaondoka kuwahi basi.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilibaki na ugomvi wangu mkononi sina pa kuuweka. Nikaja kuumalizia kwa mwalimu wa muziki, ambaye hakukosea chochote.

28 Desemba

Gari langu la zamani limekufa njiani kwenda kazini, Torleiv kalivuta mpaka gereji. Fundi amesema nisijisumbue.

5 Januari

Nimefanya jambo. Wacha waseme watakavyosema.

Nimekwenda mjini kwenye duka la magari nikaikuta imesimama mbele kabisa: sedani ile ile ya Steinar, kijivu kile kile, ila ya magurudumu yote manne. Muuzaji alianza kunieleza jinsi ya kuchagua. Anayependa gari limtii na kugeuka kwa wepesi anachukua la nyuma. Anayeishi penye theluji na milima anachukua la manne. Nikamwambia maelezo hayo akampelekee mtu mmoja Nesfjord.

"Matairi yenye misumari au yasiyo na misumari?" akauliza.

"Yasiyo nayo."

"Unaishi Liadal, mama. Wengi wa huko wanachukua ya misumari, yanauma barafu."

"Yanapiga kelele, na nikija hapa mjini natozwa ada ya kuchubua lami. La manne linatosha."

Hakubisha. Wauzaji hawabishi.

Mpishi wa nyumba ya wazee na sedani ya kasi. Nilipanda njia ya kwangu leo kana kwamba mteremko haupo. Torleiv alisimama na koleo lake akatazama. Nilipiga honi. Nataka Steinar aone. Nataka alione limesimama mlangoni kwake, kijivu kama la kwake, na ajue ni mimi niliyechagua vizuri.

11 Januari

Baridi kali. Nimemwambia Eira wikiendi hii atakwenda kwa baba yake, na nitampeleka mimi. Ameruka mpaka kofia ikamwanguka.

16 Januari

Naandika nikiwa kwenye meza ya Steinar, Nesfjord, mahali nilipoapa sitakaa tena. Mlima umefungwa na siwezi kurudi nyumbani. Ngoja niseme kila kitu, kwa sababu nisipojisema mimi hakuna atakayenisema vizuri.

Tulipofika kizuizini upande wetu, geti lilikuwa limeshuka. Upepo mkali juu, msafara tu. Unapanga foleni, unasubiri gari la kusukuma theluji lishuke, kiongozi wa msafara anapita dirisha kwa dirisha, halafu mnapanda wote nyuma yake. Hakuna kugeuza, hakuna kusimama, hakuna kutoka garini. Siku hizi kiongozi ni Oddmund, aliyesoma na kaka yangu, mwenye ndevu zilizoganda na subira fupi.

"Chaji?" akauliza.

"Imejaa."

"Blanketi, nguo, koleo?"

"Vyote vipo."

Akatazama chini. "Misumari iko wapi?"

"Ni la magurudumu manne, Oddmund."

"Sikukuuliza hilo."

"Matairi ni mapya, ya majira ya baridi, halali kabisa. Na yote manne yanasukuma. Unataka nini zaidi, mabawa?"

Alinitazama, akamtazama Eira. Hawezi kumzuia mtu kwa hilo. Akapiga paa langu kwa kiganja, akaenda kwa gari lililofuata.

Kupanda, gari lilipanda bila hata kuguna. Theluji ilipita mbele ya taa kama unga unaochekechwa, na mimi nikaimba. Ndiyo, niliimba. Nikamwambia Eira, "Unaona? Baba yako saa hizi angekuwa anasukumwa." Eira hakucheka. Aliniambia nitazame mbele.

Kule juu upepo ulikuwa umefagia theluji yote ikabaki barafu tupu, na upande wa kushuka ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye kona ya mwisho, lori dogo la mbele yangu likawasha taa za breki. Nikakanyaga breki. Zilifanya kazi yake, zikanguruma chini ya mguu wangu, na gari likaendelea kwenda kana kwamba halijaambiwa kitu. Magurudumu yote manne yalikuwa yanateleza kwa umoja. Nililiona lori linakuja, naona namba zake, naona matope kwenye mlango wake. Nikakata usukani kuelekea kwenye tuta la theluji. Kukawa kweupe kila dirisha, na kimya.

"Mama," Eira akasema. Neno hilo tu, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu alipokuwa na miaka mitatu.

Msafara mzima ukasimama. Mlimani hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Oddmund alirudi kwa miguu akiinamia upepo, akafukua mlango wangu kwa mikono.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mtoto?"

"Hapana."

"Basi nitakwambia sasa. Magurudumu manne yanakupandisha. Kusimama unasimama kwa matairi, na wewe umeniletea mlimani matairi ya kwendea dukani. Hawa wote wanakusubiri wewe." Akamgeukia Eira na sauti ikabadilika. "Tulia, binti. Tunawavuta sasa hivi."

Walituvuta. Nilishuka sehemu iliyobaki kwa mwendo wa mtu anayebeba supu moto.

Steinar alikuwa anasubiri kwenye geti la chini. Eira alimkimbilia, akaficha uso kwenye koti lake. Yeye alinitazama, akatazama sedani yangu, akachuchumaa kwenye tairi la mbele na kupitisha kidole kwenye mpira. Nilisubiri aseme. Nilikuwa na majibu tayari, mengi na makali. Akasimama akasema, "Kuna supu ya njegere nyumbani."

Afadhali angenitukana. Nyani haoni kundule, na mimi nimeoneshwa la kwangu mbele ya foleni nzima.

17 Januari

Mlima umefunguliwa. Nimerudi peke yangu kwa mwendo wa kinyonga, magari yakinipita. Eira kabaki, Steinar atamleta kesho. Hata sikuuliza kwa gari gani. Ningeuliza kwa mdomo upi?

20 Januari

Nimefunga matairi ya misumari. Yanapiga kelele kweli. Acha yapige.

29 Januari

Ilikuwa zamu ya Nesfjord. Nimemwambia Eira tujiandae, safari hii nina misumari, nitamvusha mimi mwenyewe. Akasema hataki mlima.

"Hutaki kwenda kwa baba?"

"Sitaki mlima na wewe."

Alisema hivyo, kisha akafunga mlango wa chumba chake taratibu, bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

12 Februari

Steinar anasema atakuja kumchukua na gari lake. Eira kakubali haraka kuliko nilivyopenda. Yaani lile la nyuma, lililokwama kwangu mchana kweupe, mtoto analiamini kuliko la mama yake la manne lenye misumari mpaka masikioni. Nimesema hapana. Nimesema hapana kwa sauti kubwa, Eira akalia, nami nikaoka keki ambayo hakuna aliyeila.

Najua ninachokifanya. Nina wivu. Nimeuandika, uko hapo. Lakini wivu haufuti kwamba alinidanganya, na haufanyi ile njia ya kule juu kuwa pana.

13 Februari

Theluji siku nzima. Nimefukua mlango mara tatu.

26 Februari

Steinar kaja kwa basi. Amekaa na Eira jikoni kwangu wakicheza karata. Mimi nilijifanya nasafisha kabati. Alipokuwa anavaa buti nikamwuliza, "Kwa nini usije tu na gari, ukaliacha kwa Torleiv?"

"Ulisema nisije nalo."

"Tangu lini unanisikiliza?"

"Tangu Novemba," akasema. "Kabla ya hapo sikukusikiliza, ona tulipofika."

Hakusema kwa upole wake ule. Alisema kama mtu aliyechoka. Nimefikiria jambo hilo nikimenya viazi, na viazi vimekuwa vidogo sana.

15 Machi

Mvua juu ya barafu. Torleiv kaanguka uani kwake, kavunjika kifundo cha mkono. Nimempelekea samaki.

27 Machi

Likizo ya Pasaka imeanza leo, na leo ndiyo siku niliyoiogopa msimu mzima.

Makubaliano ni makubaliano: Pasaka kwa baba yake. Safari mbili za basi zilizopita zilifutwa kwa dhoruba. Steinar alikuja na gari, akaliacha kwa Torleiv, akapanda mteremko kwa miguu. Nilimfungulia, nikamwambia nilichokuwa nimekiamua tangu juzi: Eira anapanda na mimi. Nina magurudumu manne, nina misumari, nina hofu ya kutosha. Hakuna gari zuri zaidi ya hilo kwa mlima ule leo. Yeye atangulie, sisi tunamfuata.

"Sawa," akasema. Eira alikuwa anafunga begi.

Kizuizini upepo ulikuwa unasukuma magari yaliyosimama. Oddmund akapita dirisha kwa dirisha. Alipofika kwa Steinar akakagua chaji na matairi, yenye misumari tangu Novemba, akamwambia apange mara tu nyuma ya gari la theluji, kwa sababu linalosukumwa na ya nyuma likipoteza mwendo kwenye mwinuko anataka kuliona. Akaja kwangu. Akatazama chini.

"Eh," akasema. "Yameota meno."

"Niambie ninapokaa."

"Nyuma ya huyo wa kijivu. Mmenunua kwa pamoja?"

"Hapana," nikasema, kwa namna ambayo hakuuliza tena.

Hapo Eira akafungua mkanda. Akafungua mlango, upepo ukaingia ndani mzima mzima, akashuka na begi lake. Nilimfuata nje. Alisimama katikati ya sedani mbili za kijivu, nywele zikimpiga usoni.

"Rudi ndani," nikasema.

"Naenda na baba."

"Eira, lile linasukumwa na ya nyuma tu. Unalijua. Umeliona lilivyokwama kwangu."

"Najua."

"Hili ndilo salama."

"Najua, mama. Naenda na baba. Na wewe usije. Rudi nyumbani."

Usije. Kama mtu anayemfukuza mbwa asimfuate shuleni. Steinar alikuwa ameshuka, mikono mifukoni, na alipofungua mdomo nikamwambia, "Wewe nyamaza kwanza." Oddmund naye alikuwa anatusubiri, injini ya lile gari lake kubwa ikinguruma, na foleni nzima nyuma yetu.

Ningeweza kumbeba. Ana miaka kumi, ningembeba nikamfunga mkanda, na angevuka mlima akilia kwenye gari lililo bora. Nilitaka kufanya hivyo. Mikono ilikuwa imeshaanza. Kisha nikaona anavyotetemeka, na si kwa baridi, na nikajua nikimlazimisha leo hatapanda nami popote tena, mlimani wala bondeni.

"Panda kwa baba," nikasema. "Funga kofia."

Nikamgeukia Steinar. "Huyo ni kila kitu nilicho nacho."

"Najua. Ni kila kitu nilicho nacho na mimi."

Oddmund akaniuliza, "Na wewe unapanda au unarudi?"

"Napanda."

Tukapanda. Sijawahi kuwa na hasira kama ile. Nilimkasirikia Steinar, nikaukasirikia upepo, nikamkasirikia mtoto wangu mwenyewe, na nikamtukana yule mama wa skafu ya sufu kwa kuuliza kama mgogoro ni magurudumu. Njia nzima niliona taa mbili nyekundu na weupe. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kilele nikaona mkia wa lile gari unaondoka upande, polepole, kuelekea kwenye ukingo. Nilipiga kelele peke yangu garini. Halafu mkia ukasimama, ukarudi mahali pake bila haraka, na gari likaendelea kupanda. Alikuwa ameuzoea. Wiki zote zile kwenye uwanja wa bandari, na mimi bafuni nikimfokea.

Chini, geti la Nesfjord lilipofunguka, tulisimama kando wote wawili. Steinar alitoka akiwa mweupe usoni.

"Nitalirudisha," akasema. "Nimeshauliza. Wanaweza kunibadilishia, nichukue la manne."

"Liache."

"Gunnhild, umeona pale juu."

"Nimeona. Umelirudisha vizuri kuliko mimi ningeweza. Gari liache. Uongo ndio ubadilishe. Ukinidanganya tena hata kwa tairi la baiskeli, hutamwona."

"Sawa," akasema. Sauti haikuwa na upole wowote. Nikaiamini.

Na kwangu hapandi na lile gari. Analiacha kwa Torleiv, anatembea. Hilo nalo kalikubali.

Eira alikuwa bado hajashuka. Nilifungua mlango wa nyuma nikamkuta amepiga magoti juu ya kiti, kageukia dirisha la nyuma, mkanda umembana shingoni, uso umevimba kwa kulia.

"Mbona hukukaa vizuri?" nikamuuliza. Nilikuwa bado na ukali mdomoni. "Baba yako hakukuambia utazame mbele?"

"Aliniambia. Nikakataa."

"Kwa nini?"

"Nilikuambia usije," akasema. "Nilikuambia, mama, na ukaja. Nilikuwa naangalia kama bado upo."